Kengele Iliyonusa Nyama

Mara ya kwanza kengele ya moto iliponikuta katika hosteli ya Mzee Odera, nilishuka ngazi mbio nikiwa na kiatu kimoja mguuni na kompyuta kifuani. Nimelala katika miji mingi, na kengele za namna hii zimenifukuza kitandani katika mingi kati ya hiyo, kwa hiyo miguu yangu huanza kukimbia kabla sijaiambia. Nilifika uani nikihema. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Hapakuwa na mtu, ila mama mmoja mwenye leso kiunoni na mwiko mkononi, aliyenitazama kama mgeni wa heshima.

"Asante," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kushuka tangu Pasaka."

"Moto uko wapi?"

"Hakuna moto. Lakini umeshuka. Mungu akubariki."

Juu yetu dirisha likafunguka na kijana akachomoza kichwa. "Mama Eve! Leo ni mbuzi ama ng'ombe?"

Mama akainua pua, akanusa. "Mbuzi."

"Poa. Nakuja." Dirisha likafungwa, na baada ya muda kijana yule akatupita akiwa na sahani mkononi, akatoka getini kwenda kununua.

Ndivyo nilivyomjua Selpher Nyongesa, ambaye hosteli nzima humwita Mama Eve kwa jina la binti yake. Ndiye mlezi wa wanafunzi pale: hufungua geti, hupatanisha wanaogombania kamba ya kuanikia nguo, na hujua nani ana mtihani na nani ana homa. Mimi nilikuwa mpangaji wa muda tu, nimepewa chumba cha ghorofa ya pili wakati wa kuandika mambo yangu. Lakini kwa wiki nilizokaa pale niliandika machache sana, kwa sababu vita ya Mama Eve na ile kengele ilinivutia kuliko kazi iliyonileta.

Hosteli imepeana mgongo na Soko la Burma. Mbuzi wakishafika kutoka machinjioni Kiamaiko na majiko ya kuchomea yakishashika, moshi hupanda ukutani, huingia katika madirisha ya ngazi, na kufika kwenye kile kidude cha darini kinachonusa moshi. Kidude hakijui tofauti ya nyumba inayoungua na mbavu zinazoiva. Kinapiga kelele. Mwanzoni, nikaambiwa, wanafunzi walikuwa wakishuka wote. Baadaye wakashuka nusu. Baadaye mtu mmoja akagundua kwamba kengele ikilia, ukienda Burma unakuta nyama ya kwanza kabisa imetoka jikoni, na hapo mambo yakaharibika. Kengele ikawa ya chakula. Ikilia tu, utasikia sauti kutoka ghorofa hii hadi ile, "Nyama imeivaaa!" na vicheko.

Mama Eve hakucheka. Kila ilipolia alipanda ngazi hadi juu kabisa, akagonga mlango mmoja baada ya mwingine, akashuka akigonga. Nilimuuliza kwa nini anajichosha na moto ambao anajua ni wa mbuzi.

"Najua leo," akasema. "Kesho sijui."

Alizaliwa Webuye. Alikuja Nairobi akiwa msichana na kukaa Mukuru kwa Njenga, ambako kila asubuhi alitembea hadi Industrial Area kusimama kwenye mageti ya viwanda akingoja kibarua. Mara nyingine alipata kufunga sabuni, mara nyingine alirudi bure. Nyumba yake ya mabati iliungua mara mbili. Mara ya pili alitoka na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, basi.

"Lakini kule," akaniambia, akinyoosha mwiko kuelekea upande wa Mukuru, "hatukuwa na kengele. Mtu akisema moto mara moja tu, mtaa mzima uko nje. Huyu ana ndoo, huyu ana mchanga, huyu amekuja kuiba. Lakini wote wako nje! Hapa nina kengele ya maana, nina watoto wamesoma, na hakuna anayetoka."

Mtoto yule wa mgongoni ndiye Eve, ambaye sasa anasomea ualimu Kakamega na analala katika hosteli kama hii. "Kuna mama mwingine huko ananishikia wangu," akasema Mama Eve. "Na mimi nashika wa wengine. Nikimpoteza mmoja, nitamwangaliaje mama yake?"

Siku moja, kwa kukata tamaa, aliamua kwamba labda shida ni lugha. Alijua kwamba mimi nimeokota lugha nyingi barabarani, akaniomba nimfundishe neno moto kwa kila lugha, kisha tupande naye. Tukaenda mlango kwa mlango. Kwa Wajaluo akapaza sauti, "Mach! Mach!" Kwa Wakikuyu, "Mwaki!" Mlango wa Yahye, kijana wa Garissa anayesomea uhasibu, akaupiga kwa ngumi: "Dabu! Dabu!"

Yahye akafungua, macho yamejaa usingizi. "Mama Eve, ni *dab*. Hakuna *u* mwishoni."

"Dab, basi. Toka!"

"Sasa umesema vizuri kabisa." Akampa mkono kumpongeza, akafunga mlango, akarudi kulala.

Ghorofa ile ile, katika chumba cha Mbeti, wasichana walikuwa kwenye maombi. Mbeti ndiye aliyeongoza, msichana mdogo wa umbo mwenye sauti ya spika. Mama Eve akasukuma mlango na kulia, "Moto!"

"Ameni!" wakajibu wote kwa pamoja.

"Nasema moto!"

"Moto ushuke!" akapaza Mbeti, mikono juu. "Moto zaidi, Baba!"

Tukaufunga mlango polepole. Mama Eve aliegemea ukuta wa ngazi na mabega yake yakaanza kutikisika, na nilidhani analia, kumbe safari hii kicheko kilikuwa kimemshinda. Na ni kweli kwamba neno lenyewe lilikuwa limechakaa mtaani. Viatu vipya ni moto. Wimbo mpya ni moto. Timu imeshinda, moto. Mtu akipita ukumbini akisema moto, unachungulia kuona kavaa nini.

Kisha Mzee Odera akaja. Phares Odera ni mwenye jengo, mstaafu wa reli, mtu mpole anayependa mambo yake yaende kwa ratiba. Alisimama uani kofia mkononi, akaongea kwa huzuni.

"Mama Eve, majirani wamelalamika. Wapangaji wamelalamika pia. Jumatatu fundi anakuja kuitoa hiyo kitu."

"Kengele, Mzee?"

"Kengele. Na hii ya kugongagonga milango pia tuache. Watoto wanasoma. Ukiendelea, mimi na wewe tutaachana, na sitaki tuachane."

"Sawa, Mzee. Lakini siku moto ukija, watajuaje?"

"Wataona moshi."

"Moshi wanauona kila siku, Mzee. Wanauliza kama ni mbuzi."

Mzee Odera akavaa kofia, akaivua tena, akasema Jumatatu ni Jumatatu.

Zilibaki siku chache tu. Mama Eve hakulalamika, ila alipita kila chumba akitafuta majiko ya koili, yale ya waya unaowaka mwekundu, ambayo yamepigwa marufuku pale na ambayo kila mwanafunzi analo. Alikusanya rundo zima. Wengine walimwona kwenye ngazi wakaficha yao mapema.

Hapo katikati, Ijumaa, maji yalikuja.

Sina budi kueleza hili, kwa sababu mgeni asiyekaa mitaa hii ya Eastlands hawezi kulielewa. Maji ya mfereji huja yanapotaka. Bomba liko moja uani, na Mama Eve huliacha wazi muda wote na sufuria tupu chini yake, ili tone la kwanza likidondoka asikie *ting*. Ijumaa ile nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nikinywa chai. Nikasikia *ting*. Mama Eve, aliyekuwa chumbani kwake akipanga nguo, akatoka kama risasi.

"Maji imekuja!"

Mara moja tu. Hakugonga mlango hata mmoja. Jengo lote likanguruma. Milango ilifunguka kwa mlio kama wa bunduki, ndoo zikagongana, mitungi ikaviringika ngazini mbele ya wenyewe, na nilipojaribu kusimama nilibandikwa ukutani na mto wa watu. Walishuka waliokuwa wamelala, walishuka waliokuwa wakioga kwa kikombe, alishuka Yahye mwenye usingizi wake, akiwa na mtungi kila mkono na msuli wa kiunoni unamfunguka. Chai yangu sikuiona tena. Kabla sijapanga akili, foleni ilikuwa imekamilika uani, na watu walishaanza kutupiana maneno.

"Griffins, toka mbele! Wewe si ulichota Jumanne?"

"Jumanne nilimchotea Mbeti!"

"Mungu anakuona!" akasema Mbeti.

Nilicheka, nikaenda kuchemsha chai nyingine. Sikuona chochote zaidi ya kichekesho. Nadhani hata Mama Eve hakuona.

Jumapili stima ilipotea tangu asubuhi. Griffins, kijana yule wa sahani, alikuwa ameanza kuchemsha maharagwe kwenye koili yake iliyosalimika. Umeme ulipokatika aliinua sufuria, na kwa kuwa alisikia hatua za Mama Eve kwenye ngazi, akaisukuma koili chini ya kitanda. Hakuchomoa waya. Hakukuwa na stima, angechomolea nini? Akafunga mlango, akaenda Burma kula.

Alasiri stima ikarudi. Jengo lote likashangilia, "Yeees!" kama unavyoshangilia mtaa mzima. Redio zikaamka. Wasichana wa maombi, wametoka kanisani na bado wana nguvu, wakaanza kuimba chumbani kwa Mbeti. Mimi nilikuwa nimesimama na Mama Eve ghorofa ya pili, akinionyesha picha ya Eve kwenye simu. Na kengele ikalia.

"Nyama imeivaaa!" zikajibu ghorofa zote.

Mama Eve akainua pua, kama kawaida yake. Nikaona uso wake ukibadilika.

"Hii si mbuzi," akasema. "Hii ni sponji ya godoro."

Tulipanda ghorofa ya tatu. Mwisho wa ukumbi, chini ya mlango wa Griffins, moshi mweusi ulikuwa ukitoka mzito na wa taratibu. Mama Eve aligusa mlango, akaurudisha mkono haraka. Kisha akageuka, akapiga ukelele ambao bado ninao masikioni.

"Moto! Watoto wangu, moto! Moto wa kweli!"

"Ameni!" kutoka kwa wasichana wa maombi.

"Mama Eve," akasema Yahye nyuma ya mlango wake, "leo tuambie kwa Kichina."

"Yahye! Naapa kwa Mungu, nyumba inaungua!"

"Jana pia uliapa."

Mimi nikagonga mlango ulio karibu kwa mikono yote miwili. Ukafunguka, msichana akanitazama kwa huruma. "Na wewe pia, uncle?" Ukafungwa. Kengele ilikuwa inalia, sisi tulikuwa tunalia, na jengo lote lilikuwa tulivu, linasikiliza muziki. Vyumba vyote vya ghorofa ya nne vilikuwa juu yetu, na njia yao ya kushuka ilikuwa ngazi hii hii moja, na moshi ulikuwa umeshaanza kuifuata.

Mama Eve akasimama pale katikati ya ukumbi. Nilimwona akitazama mlango wa Yahye, akitazama moshi, midomo inacheza kama mtu anayetafuta jina alilolisahau. Halafu akageuka na kukimbia chini.

Namwambia msomaji kweli: nilidhani ametukimbia.

Nilimfuata. Alifika uani, akainyakua ile sufuria chini ya bomba, akaipiga kwa mwiko wake kwa nguvu zote. Kisha akainua uso kuelekea madirishani.

"Maji! Maji imekuja! Kimbieni, inapotea!"

Lo! Jengo likanguruma. Milango, ndoo, mitungi, miguu! Walishuka kama wamemwagwa. Walipita kwenye moshi wakikohoa na kulaumiana, kila mtu akidhani mwenzake ndiye amechoma ugali, na hakuna aliyepunguza mwendo, kwa sababu anayepunguza mwendo anakuwa wa mwisho kwenye foleni. Yahye alikuwa na mitungi yake miwili. Wasichana wa maombi walikuwa na karai, beseni, hata birika. Mama Eve alisimama mlangoni pa ngazi akiwagusa mmoja mmoja begani wanapopita, midomo ikihesabu vyumba.

Bomba likatoa *khhh*, likanyamaza.

"Maji iko wapi?" akauliza Yahye.

"Mama Eve, umetucheza?"

"Manze, hiyo si poa! Hiyo ni dhambi hata!"

"Na Jumapili!"

"Geukeni," akasema Mama Eve. "Geukeni muangalie juu."

Wakageuka. Wakati huohuo kioo cha dirisha la ghorofa ya tatu kikapasuka na ulimi wa moto ukatoka nje, mrefu, wa rangi ya machungwa. Na getini akaingia Griffins, nyama ikiwa imefungwa kwenye gazeti, akatazama pale sote tulipokuwa tunatazama.

"Hiyo si room yangu?"

Papo hapo Mama Eve akalia, "Mbeti! Mbeti yuko wapi?"

Wasichana wakatazamana. Mmoja akasema walipotoka tu kanisani alipanda ghorofa ya nne, kuosha nywele kwa rafiki yake. Rafiki alikuwa hapa, ameshika ndoo, mdomo wazi. Mama Eve akajifunga leso upya na akaanza kupanda. Yahye alimshika mkono, mimi nikamshika mwingine, naye alituburuta sote wawili hadi ngazi ya tatu au ya nne, kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi. "Niacheni! Nitamwambia nini mama yake?"

Na kutoka ndani ya moshi tukasikia kikohozi na kitu kikigonga ngazi, *dugu, dugu, dugu*. Akatokea Mbeti, povu la sabuni kichwani hadi kope, macho ameyafumba, anapapasa ukuta kwa mkono mmoja na kwa mwingine anaburuta pipa la maji lililo kubwa kuliko yeye.

"Mmenibakishia?" akasema.

Mama Eve akamkumbatia, sabuni, pipa na vyote. Akamkumbatia, akamchapa mgongoni, akamkumbatia tena. "Mjinga wewe! Mjinga! Baki hapa!"

Basi pale uani kulikuwa na kitu ambacho sijawahi kukiona katika moto wowote: kila aliyeokoka alikuwa ameshika ndoo tupu. Mama Eve ndiye aliyeona kwanza. "Burma!" akapaza sauti. "Wana madramu ya maji kule nyuma!" Wachinjaji walikuwa wameshaona dirisha linawaka na walikuwa wanakuja wenyewe, aproni zina damu. Mstari ukajipanga wenyewe kutoka bucha hadi ghorofa ya tatu, ndoo zikienda zimejaa na kurudi tupu. Griffins alikuwa mbele kabisa, analia na kumwaga, analia na kumwaga. Wazima moto walipofika walikuta godoro, kitanda na ukuta mmoja vimekwisha, na hakuna zaidi. Walimaliza kazi, wakakagua waya, wakauliza nani aliwatoa watu mapema hivyo. Wote wakamnyooshea mkono mwanamke aliyekuwa akimsuuza msichana nywele kwa kikombe.

Mzee Odera alikuja mbio, kofia imebaki nyumbani.

"Nani yuko ndani?"

"Hakuna, Mzee."

"Hakuna kabisa?"

"Nimewagusa wote."

Akaketi juu ya mtungi uliopinduliwa. "Fundi anakuja kesho," akasema mwishowe, na Mama Eve akakaza uso. "Aihamishe hiyo kitu mbali na moshi wa hawa watu wa nyama. Na wewe ugonge mlango unaotaka kugonga."

Fundi akaja, kidude kikahamia upande wa pili. Sasa kinanyamaza nyama ikiiva, na wanafunzi wanalalamika kwamba wanakosa mbavu za kwanza. Lakini walikuwa na jambo jingine la kuulizana, na Yahye ndiye aliyelisema, tukiwa tumekaa uani.

"Mama Eve, sasa umemaliza hilo neno. Siku maji ikija kweli, utaita nini?"

"Nitaita maji. Maji ni maji."

"Haya. Tutaona."

Tuliona Alhamisi. Nilikuwa napakia mizigo yangu, kwa maana safari iliniita tena. Chini nikasikia *ting*, kisha *ting ting*, kisha mmiminiko mzima mzito, maji ya nguvu kama hayajaja mwezi mzima. Mama Eve akatoka.

"Maji imekuja!"

Jengo likanguruma. Milango ikafunguka, miguu ikashuka, na mimi nikabandikwa ukutani kama zamani. Walifika uani kwa kasi ya ajabu, wakapita bomba bila kulitazama, wakaenda kusimama karibu na geti kwa mpangilio mzuri kabisa, vyumba kwa vyumba. Wengine walikuwa na kompyuta, wengine vyeti vya shule ndani ya mifuko ya plastiki. Mbeti alikuwa na Biblia na gitaa. Griffins alikuwa amebeba godoro lake jipya kichwani. Wote walikuwa wametazama juu, madirishani, wakitafuta moshi.

Hakuna aliyeshika ndoo. Nyuma yao sufuria ilikuwa imejaa, inafurika, na maji yanakimbia uani hadi kwenye viatu vyao.

Mama Eve aliwatazama. Akawagusa kwa macho, mmoja mmoja, midomo inahesabu, hadi akafika wa mwisho. Kisha akacheka hadi akashika ukuta.

"Ndoo!" akalia, machozi yakimtoka. "Watoto wangu, ndoo! Rudini mchukue ndoo!"